Wasuluhishi, wanasihi rika, vikundi au mwalimu mnasihi: shule yako ianze na kipi?

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa chini ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Kicheko kikapokezana na kilio, kikahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari walioandika habari ile mwaka uliofuata, Rankin na Philip, hawakupata sumu wala kijidudu cha kueleza jambo lile. Walitaja pia kitu ambacho mimi, kama mwalimu wa malezi, sijaacha kukifikiria: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Chochote kilichokuwa kinawalemea mabinti wale kilipita rika kwa rika, na walimu wako palepale. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika zamu ya bweni la wasichana ameona mfano wake mdogo. Mmoja anaanguka usiku wakati wa mitihani, wenzake wanasema ni mapepo, kunakucha wameshaanguka kumi na mbili. Mwalimu anapoitwa, jambo limeshazunguka bweni zima mara mbili.

Ndiyo maana naamini wanafunzi wasaidiane wao kwa wao. Wanayajua ya wenzao mapema kuliko sisi. Lakini njia inayopitisha faraja hupitisha hofu pia, na siyo kila mzigo unaweza kutwishwa mtoto kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Wakuu wa shule wanaponiuliza "Mwalimu, tuanzishe nini?", huwa nalinganisha mambo manne kwa kipimo hicho: mzigo wenyewe una uzito gani, na nani anabaki nao usiku taa zikishazimwa.

Mambo yenyewe ni haya. Kuna usuluhishi wa wanafunzi, ambapo wawili waliogombana wanakalishwa na wenzao wawili waliofundishwa kusuluhisha. Kuna wanasihi rika, ambao shule nyingi bado zinawaita waelimishaji rika, jina lililoenea kwenye kampeni za UKIMWI. Hawa humsikiliza mwenzao mmoja mmoja. Kuna vikundi vya mazungumzo vyenye vikao vya kuhesabika, vinavyoongozwa na kijana aliyekwisha kumaliza shule. Na kuna mwalimu mnasihi, mtu mzima aliyepewa kazi ya kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi. Shule chache sana zinaweza kuanza na yote manne kwa pamoja, na zilizojaribu nimeona zikiishia kuwa na mabango manne ukutani.

Ugomvi una mwisho

Nianze na usuluhishi, kwa sababu ndio ninaoutetea zaidi kama kazi ya kwanza ya kuwapa wanafunzi.

Ugomvi wa shule ni kitu chenye kingo. Kuna ndoo iliyochukuliwa bila ruhusa, kitanda cha chini, deni la shilingi elfu mbili, jina la utani lililovuka mpaka, mvulana mmoja na wasichana wawili. Unaanza siku fulani na unaweza kwisha siku fulani. Wasuluhishi wawili wanakaa na wagomvi wawili, nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Kila mmoja anaeleza bila kukatizwa. Kisha kila mmoja anarudia alichosikia kutoka kwa mwenzake, mpaka yule mwenzake akubali kwamba, naam, hivyo ndivyo alivyosema. Hapo kwenye kurudia ndipo kazi yote ilipo. Baadaye wanatafuta la kufanya, linaandikwa kwenye daftari, wanatia sahihi, na baada ya wiki moja wasuluhishi wanauliza kama limeshikwa.

Niliwahi kuketi pembeni, bila kusema neno, nikiwasikiliza wasichana wawili wa kidato cha pili waliopigana kwa sababu ya ndoo. Ningekuwa mimi, ningeuliza ndoo ni ya nani, irudishwe, mwende darasani. Msuluhishi, msichana wa kidato cha tatu, aliwaambia warudie. Kwenye kurudia mara ya pili ndipo ikatoka kwamba mmoja aliambiwa mwenzake amemdharau mama yake kwa kuwa ni mama ntilie. Ndoo haikuwa na kosa. Aliyepeleka maneno hakuwa hata mmoja wao. Mimi nisingelifikia hilo kwa sababu mbele yangu wangetetea ndoo tu; mwanafunzi hamwambii mwalimu kwamba ametukaniwa mama. Kwa mwanafunzi mwenzake alilisema kama mtu anavyoambiana na mtani wake, bila kupima maneno.

Jambo moja huwachanganya wengi: msuluhishi haamui. Wazazi ninawaeleza kwa mfano wa baraza la kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kuwapatanisha watu, na wakishindwana wanakwenda mbele. Msuluhishi wa shule ni hivyohivyo. Akishindwa, anasema tumeshindwa, jambo linapanda kwa mwalimu, na yeye anarudi darasani akiwa hana deni na mtu.

Kwa sababu hiyo kiranja asiwe msuluhishi. Kiranja anaandika majina ya waliopiga kelele, na majina yale yanaishia kwa mwalimu wa nidhamu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe. Sote tunajua jinsi kanuni hiyo inavyofuatwa kwa kulegalega. Siku wanafunzi watakapoona kwamba aliyosema mtu mbele ya wasuluhishi yamemfikisha kwenye fimbo, usuluhishi umekufa kwenye shule hiyo na hautafufuka mpaka kizazi kile kimalize kidato cha nne. Mkuu wa shule anayetaka usuluhishi lazima awe tayari kusema hadharani, paredi ya asubuhi, kwamba jambo lililosuluhishwa halitaadhibiwa. Kama hawezi kulisema, asianzishe. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona wasuluhishi wazuri wakigeuzwa wapelelezi bila wao kujua.

Usuluhishi una mpaka mwingine, nao ndio unaovukwa zaidi. Uonevu si ugomvi. Kidato cha nne anayemfulisha nguo kidato cha kwanza kila Jumamosi hana mgogoro naye. Ana nguvu juu yake. Ukiwakalisha meza moja na kuwauliza kila mmoja anataka nini, unamfundisha mdogo kwamba naye ana sehemu yake ya kosa, na jioni wanarudi bweni moja. Mwaka 2011 Maria Ttofi na David Farrington walichambua tathmini 44 za programu za kupambana na uonevu shuleni. Programu hizo kwa ujumla zilipunguza uonevu kwa kiasi cha asilimia 20, lakini zile zilizotegemea kazi ya marika zilihusiana na ongezeko la kuonewa. Uonevu ni kazi ya watu wazima. Unahitaji matroni anayetembea bwenini usiku, mpangilio wa vitanda unaotenganisha vidato, na mwalimu asiyeogopa mzazi wa mwonevu.

Huzuni haina kengele

Sasa mweke mnasihi rika kando ya msuluhishi. Kwenye karatasi wanafanana: wote wawili ni wanafunzi, wote wawili wamefundishwa kusikiliza, wote wawili wana beji. Tofauti ni kwamba mnasihi rika anapewa kitu kisicho na mwisho. Mwenzake anamwambia nyumbani baba amehama, kwamba hali chakula, kwamba haoni maana ya kuamka. Hakuna makubaliano ya kutia sahihi hapo. Kesho atasema tena, na kesho kutwa.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mnasihi rika wa kidato cha tatu, msichana hodari, mwenye huruma kuliko umri wake. Rafiki yake alimwambia usiku kwamba anataka kufa, akamwapisha asimwambie mtu. Yule mtoto alikaa macho usiku tatu mfululizo akimlinda mwenzake. Alijifunga khanga mkononi, ncha nyingine akaifunga kwenye mkono wa mwenzake, ili akiamka amsikie. Nililijua siku ya nne, kwa sababu alisinzia kwenye mtihani na matroni akamuuliza. Rafiki yake alipata msaada na yuko hai. Lakini kosa lilikuwa langu. Katika siku mbili za mafunzo nilisisitiza siri mara kumi, na mahali siri inapoishia nilipataja mara moja, mwishoni, watu wakiwa wanangoja soda.

Tangu hapo nafundisha mambo matatu yasiyowekwa siri kabla sijafundisha lolote jingine. La kwanza ni mtu kutaka kufa au kujiumiza. La pili ni mtu kuumizwa au kuchezewa mwili, na yeyote yule, hata akiwa mwalimu. La tatu ni mpango wa kudhuru watu au kuchoma kitu. Hilo la tatu wengine huliona kubwa mno kwa shule zao. Huwa nawakumbusha shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, Machi 2001, wavulana 67 waliokufa kwa moto uliowashwa bwenini. Na mnasihi anamwambia mwenzake mpaka huo mwanzoni, kabla hajasimuliwa chochote: "Nitakusikiliza, na haya matatu nitakwenda nayo kwa mwalimu, pamoja na wewe."

Nimeacha hata jina la mnasihi rika. Wangu nawaita wasindikizaji. Kila mtoto aliyelelewa kwetu anajua kumsindikiza mgeni maana yake nini: unatoka naye, unatembea naye hadi barabarani, unahakikisha amepanda gari, unarudi nyumbani. Hupandi naye. Kazi ya msindikizaji ni kumtoa mwenzake kwenye upweke na kumfikisha mlangoni kwa mtu mzima, wakitembea pamoja. Hatoi ushauri wa ndoa ya wazazi na hatibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika shule 18 za sekondari chini ya programu iitwayo Sources of Strength, unaonyesha jambo hilohilo kwa namna yake. Viongozi rika waliofundishwa, kwenye shule kubwa, walikuwa na uwezekano mara nne zaidi ya wasiofundishwa wa kumpeleka kwa mtu mzima rafiki aliyetaka kujiua. Walichokuwa bora nacho ni kupeleka. Basi tuwafundishe kupeleka.

Kwa hiyo ukiniwekea hawa wawili, nachagua usuluhishi uanze, usindikizaji ufuate mwaka wa pili, na usifuate kabisa kama shuleni hakuna mtu mzima wa kupelekewa. Shule inayofundisha watoto kusindikiza wakati hakuna gari barabarani inawaacha gizani wote wawili.

Vikundi, na neno "Mirembe"

Kuna watoto ambao hawatagombana na mtu wala hawatamwendea mtu. Wamenyamaza tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 70, hao ni kumi. Wengi wao hawatakanyaga ofisi yenye maandishi "Ushauri na Unasihi" kwa sababu wanajua watakachoitwa. Kwetu Bara utani wake ni "kapelekwe Mirembe", kwa jina la hospitali ya Dodoma. Zanzibar wanasema Kidongo Chekundu, Nairobi wanasema Mathari. Mtoto akilisikia neno hilo mara moja, atajifunga miaka minne.

Hapa vikundi vina faida ambayo njia nyingine haina: havimtengi mtu. Darasa zima linaingia, hakuna anayeulizwa ana tatizo gani.

Mfano ninaoujua vizuri uko Kenya. Tom Osborn na wenzake walitengeneza mpango walioupa jina la Kiswahili, Shamiri. Vikao ni vinne, saa moja kila wiki, na kiongozi wa kikundi ni kijana aliyetoka sekondari karibuni akapewa mafunzo mafupi. Hawazungumzii ugonjwa. Wanazungumza kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, wanafanya mazoezi ya shukrani, wanaandika yale wanayoyathamini maishani. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa na wanafunzi 413 wenye dalili za sonona na wasiwasi. Nusu walipewa Shamiri, nusu wakafundishwa mbinu za kusoma kwa muda uleule. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri. Napenda hasa kwamba kundi la pili nalo lilipewa kitu, maana mtu hawezi kusema watoto walifurahia tu kutoka darasani.

Tazama ni nani aliyekuwa kiongozi. Hakuwa mwanafunzi wa bweni hilo. Ana umri wa karibu, lugha ni moja, mtihani ameufanya juzi, lakini kikao kikiisha anaondoka kwenda kwake. Mzigo unatoka naye langoni. Zimbabwe walifanya jambo la namna hiyo kwa kutumia mabibi: Dixon Chibanda alianzisha mabenchi ya urafiki Harare mwaka 2006, mabibi wa mtaa wakawa wanakaa na watu waliolemewa na kile Washona wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Sisi tunasema "ana mawazo".

Ulaya nako kulifanyika ulinganisho mkubwa unaomhusu mtu anayechagua kama sisi. Danuta Wasserman na wenzake walichukua shule 168 katika nchi 10, wanafunzi 11,110. Shule nyingine walifundishwa walimu kutambua dalili, nyingine wanafunzi walijaziwa fomu na waliokuwa hatarini wakapelekwa kwa wataalamu, nyingine wanafunzi wenyewe walipata saa 5 ndani ya wiki 4 za kujadili na kuigiza matatizo ya maisha yao, na kundi la mwisho walipata mabango tu ukutani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 12, waliojaribu kujiua kwenye kundi la maigizo walikuwa asilimia 0.70, kwenye kundi la mabango, 1.51. Kufundisha walimu peke yake hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Niliposoma hayo niliumia kidogo, kwa kuwa mimi ni mwalimu na warsha za kutambua dalili nimehudhuria nyingi. Lakini nikikumbuka Kashasha, naona sababu.

Ubaya wa vikundi ni fedha na ratiba. Kijana yule anahitaji nauli na posho, wiki nne mfululizo, na lazima awepo mtu wa kumsimamia na kumkagua kabla ya kumwachia watoto. Shule ya kata isiyo na mfadhili itapata shida. Inachoweza kufanya ni kuwatumia wahitimu wake wa kidato cha sita wanaosubiri kwenda chuo, ambao wako nyumbani hawana kazi, mwalimu akiwa ndani ya chumba. Si Shamiri, wala isijiite hivyo, lakini ni bora kuliko kumpa kazi hiyo mtoto wa kidato cha tatu.

Kwa wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, wanaorudi chini ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, ningechagua kikundi bila kufikiri mara mbili. Usuluhishi hauwafai, waliowasema ni shule nzima. Wakikaa watano pamoja, mara moja kwa wiki, wakazungumza nani anabaki na mtoto na maziwa yanawajaa saa ngapi, hudhurio lao linabadilika. Nimeliona.

Mwalimu mnasihi

Huyu sitamweleza kwa urefu, kwa maana kila shule inasema inaye. Swali ni kama ana mlango.

Kenya, baada ya Kyanguli, kikosi kazi kilichoongozwa na Naomy Wangai kilitaka unasihi shuleni uimarishwe, na mwaka huohuo wa 2001 viboko vikapigwa marufuku. Mambo yale mawili yalikwenda pamoja, na ni sawa yaende pamoja, kwa sababu mtoto hawezi kumfungulia moyo Jumanne mtu aliyemchapa Jumatatu. Mwalimu wa nidhamu asiwe mnasihi. Ukimwona kapewa vyote viwili, jua huduma moja haipo.

Waswahili wa pwani walilijua hili zamani. Msichana alikuwa na somo wake, mwanamke asiye mama yake, wa kumwambia yale ambayo mama hawezi kuambiwa. Somo hakuwa rika lake. Alikuwa mtu mzima, aliyechaguliwa, na kazi yake ilijulikana na ukoo mzima. Mnasihi wa shule afanane na huyo: apunguziwe vipindi, apewe chumba ambacho mtu akiingia haonekani kutoka mstari wa chakula, na jina lake litangazwe kwa wazazi.

Sheria nayo inamhitaji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka yeyote katika jamii anayejua haki ya mtoto imevunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mtoto wa miaka 15 akishasimuliwa kwamba mwenzake anabakwa na mjomba, nani ataandika taarifa ile, aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, akae kwenye benchi hadi jioni? Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure, Tanzania na Kenya. Lakini bweni letu limekataza simu. Bango la 116 kwenye ukuta wa shule isiyo na simu ni pambo. Matroni awe na simu moja ambayo mwanafunzi anaweza kuiomba bila kueleza anampigia nani.

Ukiwa na shule hii, chukua hiki

Shule ya kata ya kutwa, madarasa yamefurika, hakuna fedha: mteue mnasihi mmoja wa kweli mwezi Januari, anzisha usuluhishi baada ya Pasaka. Gharama ni daftari, kalamu, chumba saa za mchana, na mwalimu mmoja alasiri moja kwa wiki ya kukaa na wasuluhishi. Alasiri hiyo usiikate. Wasuluhishi wasiosikilizwa na mtu huanza kusimuliana kesi bwenini au njiani.

Shule ya bweni ya wasichana: mnasihi, kisha wasindikizaji, kabla ya usuluhishi. Huko yanayoua ni yale ya usiku, na watu wazima ni wachache saa hizo. Wasindikizaji wawe wawili kila chumba, kamwe asiwe mmoja, ili pasiwe na mtoto anayebeba neno zito peke yake mpaka alfajiri.

Shule binafsi yenye uwezo, ambayo wazazi wanadai daraja la kwanza na watoto wanakonda kwa mitihani: vikundi. Watoto hawa hawapigani. Wanatabasamu na kupata alama, na wazazi hawaamini mpaka siku wanapoitwa.

Shule iliyofiwa na mwanafunzi kwa kujiua: usianzishe chochote cha wanafunzi kwa wiki za mwanzo. Leta watu wazima wengi kadiri uwezavyo, wa hospitali ya wilaya, maofisa ustawi wa jamii, viongozi wa dini wanaojua kunyamaza. Usieleze namna alivyokufa, usimfanye shujaa, na wale marafiki zake wa karibu wajulikane kwa majina na waonwe kila siku. Kumpa beji mtoto anayeomboleza ni kumtesa.

Kuhusu nani achaguliwe, njia ninayoitumia ni karatasi. Kila mwanafunzi anaandika, bila jina lake, jina la mwenzake mmoja ambaye angemwendea akiwa na shida. Usiwaulize walimu, watakupa wenye nidhamu na Kiingereza kizuri. Wachukue wa kidato cha tatu, kwa kuwa kidato cha pili wana upimaji wa taifa na cha nne wana mtihani wa mwisho, na wafundishe mwezi Novemba wakiwa bado kidato cha pili, upimaji ukishaisha, ili Januari waanze. Wakati huohuo waliotangulia wanakabidhi daftari.

Mara ya kwanza nilipohesabu karatasi hizo, jina lililoongoza lilikuwa la mvulana mgonga kengele. Hakuna mwalimu aliyekuwa amemtaja kwa lolote. Tulipomwita na kumweleza, aliuliza swali moja tu, kama mtu akimjia wakati wa kugonga kengele afanye nini. Tukamtafutia msaidizi wa kengele.